Desturi ya nyumba haikodishwi ukumbini

Tarehe 1 Agosti ni siku ya wazazi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ni siku ya mapumziko nchi nzima. Asubuhi, watu wa Lubumbashi huelekea makaburini wakiwa na majembe, mafagio, ndoo za maji na chokaa. Hung'oa nyasi zilizokaushwa na kiangazi, husimamisha tena msalaba ulioinama, hupaka chokaa pale ilipobanduka, kisha husali au hukaa kimya kwa kitambo. Mchana hurudi nyumbani kuwasherehekea wazazi walio hai kwa chakula, kikwembe (kitenge) kipya na maneno ya shukrani. Mpangilio huo wa sehemu mbili, marehemu kwanza na walio hai baadaye, unajulikana mjini kote, kuanzia mtaa wa Katuba hadi wa Ruashi, na vijana wengi huudhani kuwa wa kale sana. Kumbe haukutoka kwa mababu wa kabila lolote. Siku hiyo iliwekwa na utawala wa Mobutu, katika enzi ya siasa ya otantisite, yaani ya kurudia uasili wa Kiafrika, na mjini humu wapo wazee waliozaliwa kabla haijakuwapo.

Ninaanza na mfano huo kwa sababu mjadala juu ya desturi za jamaa, hasa unapozuka kwenye vikao vya harusi au vya ubatizo, huendeshwa kana kwamba kuna njia mbili tu: ama tufuate mila tuliyoachiwa na wazee, ama tukubali kwamba tunaiga mambo ya Wazungu na ya televisheni. Tarehe 1 Agosti haiingii katika njia yoyote kati ya hizo. Ilitoka serikalini kwa amri, na utawala ulioitoa ulianguka tarehe 17 Mei 1997. Lakini sijui jamaa hata moja iliyoacha kwenda makaburini kwa sababu Mobutu ameondoka. Utawala huohuo, mwaka 1974, uliifuta Noeli katika orodha ya siku za mapumziko, na waumini wakaendelea kuisherehekea kanisani na nyumbani kwao. Amri moja ilifanikiwa kupanda sikukuu, nyingine ilishindwa kuing'oa. Kwa maoni yangu, kilichoamua mara zote mbili ni iwapo jamaa zilikuwa na la kufanya kwa mikono yao siku hiyo ilipofika.

Desturi ya jamaa hushika inapompa kila mtu wa nyumba kazi yake, kazi ambayo mwenyewe asipokuwapo pengo litaonekana. Na hufifia inapowageuza wenye nyumba kuwa wageni katika sherehe yao wenyewe. Ukale wa mila, ukubwa wa gharama na uzuri wa mapambo huja nyuma sana. Hoja hiyo inaweza kutetewa popote, lakini Lubumbashi ina ushahidi wake wa pekee, kwa sababu ya namna mji ulivyopata watu wake.

Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Rwanda na Burundi, na kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Mwanzoni walikuja wanaume peke yao kwa mikataba mifupi. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikabadili siasa yake na kuwahimiza waishi kambini pamoja na wake na watoto. Unga ulitoka kwa kampuni, hospitali ilikuwa ya kampuni, shule ilishikwa na wamisionari, na wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba katika vituo vilivyoitwa foyer social. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kwa kina jinsi maisha hayo yalivyoiunda upya familia ya mfanyakazi, pamoja na mamlaka ya baba ndani yake. Mimi navutwa zaidi na pengo lililobaki. Mara nyingi kambini hapakuwa na shangazi wa kumfunda bibi harusi, hapakuwa na nkambo, yaani babu au bibi, wa kumpa mtoto jina, na aliyeujua wimbo wa ukoo aliujua nusu. Jirani ndiye aliyeshika nafasi hizo, na jirani alikuwa wa kabila lingine. Kwa hiyo watu waliotutangulia mjini humu walikuwa wakiunganisha vipande tangu mwanzo, na wale wanaotuonya leo kwamba tunaichafua mila kwa kuichanganya wanasahau kwamba wazazi wao wenyewe walilelewa ndani ya mchanganyiko huo.

Chukua nyumba ya Kamalondo au ya Kenya, mitaa ya mji huu, ambamo baba ni Muluba wa Kasai na mama ni Mubemba, na Mungu amewajalia mapacha. Kwa upande wa baba, majina yalikuwapo kabla watoto hawajazaliwa: wa kwanza ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga. Kwa upande wa mama, mzazi wa mapacha ana heshima yake na jina lake, Nampundu. Pande zote mbili zina nyimbo za mapacha, nyingine zikiwa na maneno ambayo padri hangependa kuyasikia. Nani ataimba nini? Katika nyumba nyingi za namna hiyo jambo hilo halikuamuliwa kwa kikao. Majina yalitoka kwa baba, nyimbo zikatoka kwa dada za mama kwa kuwa wao ndio waliokuwa karibu, na ubatizo ukafanyika parokiani. Katika nyumba moja niliyowahi kualikwa, siku ya kuzaliwa ya mapacha kila kitu huandaliwa kwa jozi: bakuli mbili za sombe (kisamvu), sahani mbili za bukari (ugali), samaki wawili walio sawa kwa ukubwa, na mama mdogo huwapima kwa macho sokoni hadi muuzaji akasirike. Hiyo haimo katika mila ya Kasai, wala haimo katika mila ya Wabemba. Bibi mmoja aliamua hivyo mwaka wa kwanza na hakuna aliyempinga. Lakini ni desturi kamili: ina miaka, ina mwenye kuisimamia, na siku samaki wakitofautiana watoto watadai haki yao.

Sasa tuangalie sherehe inayotawala mji wakati huu, ile ya kukodi. Jamaa hutafuta ukumbi, hulipa mpambaji, mpiga picha, mpiga muziki, mwongoza sherehe na wasichana wa itifaki wenye sare. Hukubaliana rangi mbili. Hununua kikwembe cha aina moja kwa ndugu wote. Na keki huingia kwa wakati uleule, kwa wimbo wa aina ileile, huku wenye sherehe wakingoja kuambiwa lini wasimame na lini waketi. Ukiingia ukumbi mmoja Jumamosi hii na mwingine Jumamosi inayofuata, utahitaji kusoma majina yaliyobandikwa ukutani ili ujue umekuja kwa nani. Sina ugomvi na mapambo. Ninachokiona ni kwamba, baada ya miaka mitano, watu wa jamaa hiyo hukumbuka deni na hukumbuka nani hakualikwa, na ni wachache wanaoweza kutaja jambo walilolifanya wao wenyewe siku ile.

Hata hivyo, siwezi kuwalaumu akina mama walioamua kukodi, na hapa ndipo watetezi wengi wa desturi za nyumbani hukosa uaminifu. Tunaposema sikukuu ya zamani ilikuwa ya jamaa nzima, mara nyingi tunamaanisha kwamba wanawake waliamka saa kumi za usiku. Sombe peke yake ni kazi ya nusu siku: majani huchumwa au hununuliwa, hutwangwa kwenye kinu hadi yalainike, huchemshwa kwa saa kadhaa, ndipo mawese na karanga viingie. Ongeza bukari ya watu arobaini, ongeza vyombo vya kuosha, ongeza watoto wa wageni. Wakati huo wanaume walikwisha kurudi kutoka makaburini, walikwisha kuegesha majembe, na chupa za Simba zilikwisha kufunguliwa chini ya mwembe. Mwanamke aliyebeba sikukuu ya namna hiyo kwa miaka ishirini akipata fedha za kumlipa mpishi, atamlipa, na ana haki. Kazi ikigawanywa vibaya, ukumbi utashinda daima.

Kwa hiyo swali la kwanza la jamaa inayotaka kujitengenezea desturi halihusu mapambo wala hotuba. Ni nani atafanya nini, na je, huyo amekubali? Ninaijua jamaa moja ya Katuba ambayo tarehe 1 Agosti jiko lote huwa mikononi mwa watoto wa kiume. Akina mama hukaa barazani wakiwa wamevaa vikwembe vyao na hawaruhusiwi kusogelea mekoni hata kwa ushauri, ingawa ushauri hupaazwa kutoka barazani bila kukoma. Mwaka wa kwanza bukari ilitoka na madonge na sombe ilikuwa na chumvi kupita kiasi; wote walikula, kwa vicheko na matusi ya kirafiki. Sasa kuna kaka mmoja ambaye sombe ni yake, na mkewe mwenyewe humwita akipata wageni wa heshima. Jambo hilo lingewashtua wazee wa vizazi vilivyopita, na bado linawashtua baadhi ya wajomba. Lakini angalia mantiki yake: siku imewekwa kwa ajili ya wazazi, na mzazi aliyetokwa jasho jikoni siku yake mwenyewe anakuwa amejisherehekea mwenyewe.

Anayedhani kugawa kazi namna hiyo ni mambo ya kisasa aitazame tena mila yenyewe. Katika chilanga mulilo, sherehe ya ndoa ya Wabemba, wanawake wa upande wa bibi harusi hupeleka vyakula vilivyopikwa kwa bwana harusi, na kila chombo kinachofunuliwa kina mtu wa kukieleza na somo lake. Hakuna mtazamaji mtupu. Mila hiyo imeshikilia pande zote mbili za mpaka wa Zambia na Kongo kwa sababu haiwezi kufanyika bila watu wanaoujua wajibu wao, na wajibu huo hufundishwa na aliyewahi kuushika.

Kuna suala gumu zaidi, nalo ni imani. Katika jamaa moja ya Lubumbashi unaweza kuwakuta Wakatoliki, Wamethodisti, Wakimbanguisti na waumini wa makanisa ya uamsho wakila sahani moja. Baadhi ya wachungaji wa uamsho hufundisha kwamba kwenda kaburini na kumwombea au kumsemesha marehemu ni kuabudu mizimu, na kila mwaka mwezi wa Julai mafundisho hayo huleta maneno makali majumbani. Nimesikia watu wakitoa suluhisho la haraka: asiyetaka abaki. Suluhisho hilo ni baya, kwa sababu anayebaki mwaka huu atabaki mwaka ujao, na watoto wake hawatajua hata kaburi la babu yao liko upande gani.

Jamaa zenye busara zimefanya jambo ambalo hakuna kanisa wala serikali iliyoziambia zifanye: zimetenganisha kazi na sala. Dada anayesali katika kanisa la uamsho huja na fagio lake, hung'oa nyasi, husugua jiwe lenye jina la baba hadi herufi zisomeke, hubeba maji kama wengine. Sala ya marehemu inapoanza husogea chini ya mti pamoja na watoto wadogo, na huko huwasimulia baba alikuwa mtu wa namna gani. Hakuna anayemwita, hakuna anayemwuliza. Sala ikiisha hurudi, wote hupanda gari moja. Kwa macho ya mpita njia huyo ni mwanamke aliyekaa pembeni. Kwa kweli yeye ndiye aliyebeba sehemu ya kuwafundisha watoto, ambayo wanaosali walikuwa wakiisahau kila mwaka. Ombi langu kwa wakubwa wa jamaa ni kwamba waliheshimu pengo hilo la dakika chache na wasilazimishe kikao cha kulieleza, kwa maana mambo mengine hudumu kwa kutoelezwa.

Fedha ni mada inayostahili ukali kidogo. Kwa miongo mingi sikukuu za wafanyakazi wa mji huu ziliegemea mshahara na unga wa kampuni, kwanza Union Minière, baadaye Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka Septemba 1990, uzalishaji wa shaba ukaanguka, mishahara ikakatika kwa miezi mingi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Katikati ya hayo, mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, mkoa wa mji huu, na jamaa zilizochanganyika zilipasuliwa katikati, wengine wakipanda treni na kuacha nyumba, picha na makaburi nyuma yao. Miaka hiyo ilipima desturi za nyumba kwa ukatili. Sherehe zilizodai bahasha ya mwisho wa mwezi zilikufa. Zilizobaki ni zile zilizojengwa juu ya vitu vilivyopatikana karibu na juu ya watu waliokuwapo.

Noeli ni mfano mzuri. Huku kwetu Desemba ni wakati wa mvua, na mvua huleta bowa, uyoga wa msituni unaouzwa kwa beseni kando ya barabara zinazotoka mjini. Zipo nyumba ambazo, tangu miaka ya dhiki, kuku wa Noeli alipokosekana waliweka bowa za karanga, na kuku aliporudi bowa hazikuondoka. Mtu wa nyumba hiyo akiwa Kinshasa au ughaibuni, atakachokitamani tarehe 25 ni bowa, kwa sababu kuku anapatikana popote. Ningewashauri wanaofikiria chakula cha sikukuu waanze hapo: kitu cha msimu, cha bei ya kawaida, kinachomlazimu mtu fulani wa nyumba kukijua vizuri, kwani bowa lazima zichaguliwe na kusafishwa mchanga na mwenye mkono wa subira. Na kama jamaa inahitaji fedha za pamoja, likelemba (upatu) ya ndugu, yenye mchango mdogo wa kila mwezi na daftari linaloonekana na wote, huacha majeraha machache kuliko mchango mkubwa unaodaiwa wiki mbili kabla ya sherehe.

Vitu vya kumbukumbu navyo havihitaji fahari. Katika miaka ya 1960 na 1970 sebule nyingi za mji huu zilikuwa na mchoro wa ukumbusho ulionunuliwa kwa mchoraji wa mitaani: kijiji cha mababu, mamba muntu (nguva), au mateso ya wakati wa Wabelgiji. Tshibumba Kanda Matulu alikuwa mmoja wa wachoraji hao, na kazi zake leo zinachunguzwa na wasomi wa nchi za mbali, ingawa zilichorwa ili zitundikwe juu ya viti vya watu wa kawaida na kuzusha mazungumzo. Picha ya simu haifanyi kazi hiyo, kwa sababu haina ukuta. Jamaa inayochapisha picha moja tu kila mwaka, baada ya kazi ya makaburini, na kuandika nyuma yake majina ya waliokuwapo, itakuwa na kitu cha kubishania baada ya miaka kumi.

Simu inasaidia mahali pengine. Watoto wako Kolwezi, wako ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, upande wa Zambia, wako Ubelgiji, na hawatarudi wote Agosti. Mara nyingi wanaombwa fedha tu, na fedha huwapa sauti kubwa kuliko ujuzi wao wa mambo ya nyumbani. Anayelipa mbuzi huanza kupanga nani ahutubie. Ni afadhali apewe kazi, hata akiwa mbali. Binti aliye Brussels anaweza kukabidhiwa orodha ya majina ya marehemu wa jamaa na kuisoma kwa WhatsApp wakati wenzake wamesimama kaburini, simu ikiwa imeshikwa juu na mtoto. Akichelewa, watu watamngoja chini ya jua, na kungojwa huko kutamfunga na nyumba kuliko risiti ya fedha alizotuma.

Kuhusu matukio madogo sitasema mengi. Matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka na vijana wakajimwagia poda kichwani, mji mzima hucheza sherehe moja, na ni sawa iwe moja, maana furaha ya siku ile ni ya rika lote. Nyumba inaweza kuongeza jambo lake jioni, au isiongeze.

Linalobaki, na ambalo jamaa nyingi hulikwepa, ni namna ya kuacha desturi iliyochoka. Baada ya mwaka 2003 nyumba kadhaa za waliokuwa wafanyakazi wa Gécamines ziliacha kuchinja mbuzi siku ya wazazi bila yeyote kutamka kwamba imeachwa. Kila mwaka mtoto mkubwa alikuja mikono mitupu na kila mwaka macho yalimwelekea, hadi katika nyumba moja shangazi alisimama na kusema mbele ya wote kwamba habari ya mbuzi imekwisha, kuanzia leo ni maharage na samaki, na ya samaki ni juu yake yeye. Walipiga makofi. Yule mtoto mkubwa, ambaye kwa muda alikuwa akitafuta visingizio vya kutokuja, mwaka uliofuata alifika wa kwanza, na shangazi akamkabidhi kisu cha kuparua samaki kabla hajakaa. Wapwa wanaosema mbuzi arudishwe, kwa kuwa sasa kuna wawili wenye kazi nzuri Kolwezi, wameambiwa walete hoja yao kwenye kikao cha Julai, pamoja na jina la atakayemchunga, la atakayemchinja na la atakayeosha masufuria.